Kadi ya Tisa

Nakawa, Jumamosi mchana

Safia mwanangu,

Umekwenda Kibuli kumuaga bibi yako, na najua hatakuachia kabla hujala. Nina saa tatu hivi. Wadogo zako nimewatuma kwa jirani. Nimekaa kwenye meza ya jikoni na karatasi za ofisini ambazo mashine imeshazichapa upande mmoja, kwa hiyo nyuma ya maneno yangu utaona tarakimu zisizokuhusu. Usizijali.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala komeo la mlango, wala wanaume wa Nairobi. Hayo nimeyasema wiki nzima hadi ukanuna. Nataka kukuandikia kuhusu daftari lako.

Jumatatu ulinionyesha programu ya kwanza uliyoiandika peke yako bila mimi kukusaidia hata mstari mmoja. Umeiandika kwa lugha ya Algol, kwa penseli, kwa herufi kubwa, kama tunavyojaza zile fomu zinazopelekwa kwa watoboaji kadi, wanaogeuza kila mstari kuwa matundu kwenye kadi moja. Ilikuwa ya kupanga wanafunzi wa shule nne kwa alama zao. Niliifuata kwa kidole. Sehemu ya shule ya kwanza ilikuwa nzuri kabisa. Ya pili ilikuwa ileile, umebadilisha jina la shule tu. Ya tatu vilevile, na ya nne vilevile. Vigeu vyako vyote, yaani vile visanduku vyenye majina ambamo mashine inaweka kitu leo na kukibadilisha kesho, ulikuwa umevitangaza juu kabisa ya programu, mahali ambapo kila sehemu inaweza kuvifikia na kuvichezea. Ukaniuliza, "Mama, iko sawa?" Nikasema iko sawa. Kisha nikatoka kwenda kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.

Haikuwa sawa, Safia. Mashine ingekupa jibu lililo sahihi, ndiyo, lakini programu haikuwa sawa. Nilishindwa kukuambia kwa sababu ungeniuliza nimejuaje, na jibu la swali hilo nimelikalia miaka mitano.

Unajua nilivyoanza. Nilikuwa mtoto wa kambi ya polisi, Mlugbara niliyekulia kwenye Kiswahili cha askari, nikaajiriwa kutoboa kadi kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vyepesi. Waliokuwa wakiandika programu walikuwa Waingereza wawili na Mhindi mmoja. Ule mwaka Wahindi walipopewa siku zile chache za kuondoka, na Waingereza wakafunga mizigo wenyewe bila kungoja kuambiwa, viti vyao vilibaki vitupu na mashine ikabaki inanguruma peke yake. Aliyekuwa amebaki akiijua ni Mzee Lubowa, ambaye alikuwa amesomea ng'ambo. Alikuja kwenye chumba cha kutoboa kadi, akatutazama, akachagua watu watatu wa kufundisha. Mimi nilikuwa mwanamke pekee.

Nilijisikia mkubwa mno. Baba yako alinicheka kwamba natembea kama mke wa jenerali. Nilinunua viatu vya kisigino kwa ajili ya kukaa kwenye kiti, na kukaa hakuhitaji kisigino.

Kazi ya kwanza niliyopewa peke yangu ilikuwa orodha. Siku zile watu walikuwa wanaondoka bila kuaga. Leo unamkuta mwenzako ofisini, kesho koti lake liko kwenye kiti na yeye amevuka mpaka. Basi wakubwa wakataka kila mwezi karatasi yenye majina ya wafanyakazi wa idara tisa ambao hawakuonekana kazini. Kila idara ilileta kadi za mahudhurio, na programu yangu ilikuwa izisome, ihesabu siku za kila mtu, na kumchapa yule ambaye siku zake hazikutosha.

Karatasi ile haikwenda kwa wakuu wa idara tu. Nakala moja ilichukuliwa na vijana wenye miwani nyeusi, na gari lao halikuwa na namba. Nilijua hilo tangu mwezi wa kwanza. Nimeandika sentensi hii mara mbili na kuikata mara mbili, lakini sasa naiacha: nilijua. Sikuwa mtoto. Nilijiambia kwamba mimi kazi yangu ni programu.

Niliiandika kama ulivyoandika wewe. Niliandika sehemu ya idara ya kwanza, ikafanya kazi, nikafurahi, nikazitia kadi zake kwenye mashine ya kunakili, nikapata mabunda mengine manane. Katika kila bunda nikabadilisha kadi mbili, yenye jina la idara na yenye idadi ya siku, kwa kuwa watu wa zamu hawafanyi kazi siku sawa na watu wa ofisi. Juu kabisa ya programu niliweka kigeu kimoja nilichokiita HALI, na sehemu zote tisa zikawa zinakitumia hichohicho. Kasha langu la kadi lilikuwa zito hadi nikalibeba kwa mikono miwili, na nililipitisha makusudi mbele ya wale wanaume wawili tuliosoma pamoja.

Mzee Lubowa aliichukua ile karatasi ya programu, akaisoma akiwa amesimama. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliniambia, "Umeandika jambo moja mara tisa. Siku utakayolisahihisha, kuna mahali utasahau."

Kisha akaenda kwenye ubao akachora duara kubwa, na ndani yake duara dogo. Akanieleza kwamba Algol inakuruhusu kuandika utaratibu, yaani kipande cha programu chenye jina lake unachoweza kukiita tena na tena, na ndani ya utaratibu huo ukaandika mwingine mdogo. Ule mdogo unaona vigeu vyote vya nyumba uliyozaliwa ndani yake, bila kukabidhiwa. Hata ukiutuma kwa utaratibu mwingine ulio mbali, ukaitwa huko, bado unakumbuka vitu vya kwao. Yule wa mbali anauita tu, na hawezi kugusa kilichomo. Akasema HALI isikae juu, mahali pa wote. Izaliwe ndani ya ule mdogo, kila mtu akaguliwapo, na ife akishakaguliwa.

Nilimwelewa. Nataka ujue kwamba nilimwelewa palepale. Lakini nilisikia aibu ya kuambiwa mbele ya wenzangu kwamba kasha langu zito lingetosha kwenye kiganja. Nikamwambia inafanya kazi, mzee, na orodha inatakiwa Ijumaa. Akafuta ubao.

Nilipoijaribu mara ya kwanza ilichapa nusu ya watumishi wa serikali kuwa ni watoro. Kosa lilikuwa dogo. Mashine ikikuta mtu ambaye siku zake hazitoshi inaweka HALI kuwa "hayupo", na mimi nilikuwa nimesahau kuirudisha kuwa "yupo" kabla ya kumsoma mtu anayefuata. Kwa hiyo mtoro mmoja aliwaambukiza wote waliokuja nyuma yake. Dawa yake ilikuwa mstari mmoja, kadi moja. Lakini kwa kuwa nilikuwa nimeandika mara tisa, zilihitajika kadi tisa, kila moja mahali pake ndani ya bunda lake.

Siku hiyo kulikuwa na habari kwamba sukari imefika dukani karibu na ofisi. Unakumbuka hali ilivyokuwa. Wenzangu walishatoka kwenda kupanga foleni. Niliingiza kadi huku nimesimama, mkoba begani. Niliingiza nane.

Nilijaribu tena, orodha ikatoka nzuri, kwa sababu mwezi ule idara ya tisa haikuwa na mtoro hata mmoja, wala mtu wa mwisho wa idara ya nane hakuwa mtoro, na bila mtoro wa kwanza hakuna wa kuambukizwa. Hivyo ikaenda mwezi baada ya mwezi. Sukari niliipata. Mlikunywa chai tamu siku tatu.

Idara ya tisa ilikuwa ya mafundi wa hospitali za serikali. Walipangwa kwa namba za kuajiriwa, wa zamani juu, wapya chini. Wa mwisho kabisa alikuwa fundi seremala aliyeitwa Yokana. Mwezi wa saba, aliyekuwa juu yake kwenye orodha, fundi bomba, alitoroka kweli akaenda zake. Mashine ikamchapa yeye, kwa haki. Halafu ikamchapa na Yokana, ambaye hakukosa kazini hata siku moja.

Wale vijana wa miwani nyeusi walimkamata akiwa kazini. Hilo ndilo jambo ambalo ningependa mtu mmoja tu, hata mmoja, angelitazama akacheka na kumwachia. Karatasi ilisema mtu huyu hayupo, nao wakamkuta yupo, ameshika fremu ya dirisha. Wakasema kama alikuwa hayupo na sasa yupo, basi alivuka mpaka na ametumwa kurudi. Wakamtia kwenye gari.

Mkuu wa mafundi alikuwa jasiri. Alileta daftari la mahudhurio ofisini kwetu mwenyewe, akamwonyesha Mzee Lubowa saini za Yokana, siku kwa siku. Siku iliyofuata alikuja pia askari mmoja, akasimama kwenye mlango wa chumba cha mashine na ile karatasi mkononi. Akauliza, "Hii karatasi nasema mutu hapana kuja kazi. Kitabu nasema nakuja. Nani naongopa?"

Mzee Lubowa alimwomba ampe hadi saa sita. Askari akatoka kukaa nje. Mzee akatuita watu wawili, mimi niliyeandika programu na Furaha aliyetoboa kadi zake.

Ndiyo, Safia. Furaha huyohuyo. Yule ambaye utafikia kwake Nairobi, aliyekutafutia nafasi ya kujifunza, ambaye tangu juzi unamwita mama mdogo kwenye barua. Wakati ule alikuwa mtoboaji kadi, mjane aliyekimbia vita vya Kongo, hana karatasi yoyote ila barua ya padri. Alikuwa rafiki yangu. Tulikula pamoja kila mchana, mimi nikileta viazi na yeye akileta sombe, ile mboga yao ya majani ya muhogo.

Kabla ya kuitwa nilikuwa nimeshafungua kasha. Nilijua kadi inayokosekana ni ipi tangu jina la Yokana liliposemwa, nikaenda moja kwa moja kwenye bunda la tisa, nikapitisha ukucha kwenye kingo za kadi, na haikuwapo. Nikafunga kasha. Nilikuwa na nafasi ya kufikiri, usidhani nilishtukizwa. Nilifikiri juu yako na wadogo zako watatu, na baba yako aliyekuwa kazini Moroto. Nilifikiri kwamba nikisema nilisahau, yule askari hataelewa neno "kusahau". Hayo yote yalikuwa kweli. Lakini chini yake kulikuwa na jambo jingine ambalo sijawahi kumwambia hata baba yako: nilimfikiria Mzee Lubowa akinitazama na kukumbuka ule ubao.

Mzee akauliza kosa liko wapi. Nikasema, "Labda kuna kadi iliyotobolewa vibaya."

Nilisema "labda". Nimelishikilia neno hilo miaka yote kama kwamba lilipunguza kitu.

Furaha aligeuka kunitazama. Hakukasirika, alishangaa tu. "Mama Safia," akasema, "makadi yote nilitoboa mimi, nikayaangalia mara mbili. Wewe unajua."

Nilitazama sakafu. Mzee Lubowa akangoja kidogo, halafu akatoka nje kumwambia askari kwamba ni kosa la mtoboaji, mgeni, hajazoea herufi zetu. Kwa bahati askari hakumtaka mtoboaji. Alitaka tu jibu la kupeleka, na jibu hilo la mdomo halikumtoa Yokana. Furaha alifukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Aliondoka na kikombe chake.

Kesho yake niliwahi kazini kuliko wote, nikatoboa kadi moja mwenyewe, nikaiingiza kwenye bunda la tisa. Kwa nini niliiingiza kwa siri, wakati ningeweza kuipeleka kwa Mzee na kusema, hii hapa, hii ndiyo sababu, mwandikieni mkubwa yeyote kwamba mtu yule hana kosa? Niliisukuma kwa kidole gumba hadi ikalingana na nyingine.

Mzee aliijua. Wiki iliyofuata alichapa programu yote, akaisoma mstari kwa mstari. Alinijia mezani akasema, "Umeongeza kadi." Nikasema ndiyo. Naye alikuwa na watoto. Aliniambia niiandike upya yote, vizuri, kama alivyonionyesha, na hakulirudia jambo hilo hadi alipostaafu. Sijui ni nani kati yetu aliyemwonea haya mwenzake zaidi.

Sasa nikueleze mke wa Yokana, halafu nitarudi kwenye daftari lako.

Alikuja kwenye geti la ofisi yetu hapa Nakawa kila asubuhi kwa majuma mawili. Alikuwa mwanamke mrefu, mtoto mgongoni, anatandika gunia na kukaa. Hakulia wala hakupiga kelele. Aliwauliza waliokuwa wanaingia, mmoja mmoja, na kila mmoja alipita haraka. Siku moja alinishika mkono wa gauni.

"Mama, wewe nafanya kazi ndani. Nani naandika jina ya bwana yangu?"

Nikamwambia, "Ni mashine, dada."

Aliniachia mkono. Akalifikiria jambo hilo kwa makini, kama mtu anayetaka kuelewa kweli. Halafu akaniuliza kama kuna mtu anayeweza kumpeleka kwa hiyo mashine azungumze nayo.

Nilimwambia haiwezekani, nikaingia ndani. Hiyo ndiyo siku ninayoionea aibu kuliko zote, hata kuliko ile ya Furaha. Kwa Furaha niliogopa. Kwa yule mama hapakuwa na askari karibu. Hapakuwa na mtu ila mimi na yeye na mtoto, ningeweza hata kumwambia, "Pole, ni kosa, hana hatia", akalala na neno hilo. Nilimpa mashine.

Yokana alirudi baada ya miezi mitano. Vidole vya mkono wake wa kulia havikunjiki. Hospitali ilikuwa imeajiri mtu mwingine, kwa hiyo akaanza kutengeneza viti na masanduku pale soko la Owino kwa mkono wa kushoto, na mkewe akimshikia mbao. Nilimtafuta. Nilinunua kwake viti vitatu kwa miezi mitatu, nikijidanganya kwamba ni kitu. Akaniona mteja mzuri, akawa ananisalimia kwa furaha nikipita.

Programu niliiandika upya, na hiki ndicho ninachotaka ukitie kichwani, maana kiliniingia kwa gharama ya mtu mwingine. Niliandika utaratibu mmoja, KAGUA, unaopokea jina la idara na idadi ya siku zake. Ndani yake nikaandika mdogo, PIMA, unaomtazama mtu mmoja. PIMA ilikuwa na HALI yake, mpya kwa kila mtu, safi bila mimi kukumbuka kuisafisha. Siku za idara PIMA hakupewa, alizijua kwa kuwa alizaliwa ndani ya KAGUA. Kisha nikamtuma PIMA kwa utaratibu wa tatu, SOMA, ambao kazi yake ni kusoma kadi tu na kumwita PIMA kwa kila mfanyakazi. SOMA hakujua idara wala siku wala hali ya mtu. Hakuwa na haja ya kujua. Idara tisa zikawa mistari tisa mifupi, kila mmoja ukimwita KAGUA. Kosa kama lingekuwapo lingekuwa mahali pamoja, na dawa yake mahali pamoja. Kasha likawa jepesi, nikalibeba kwapani, na hapakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Shule zako nne ziandike hivyo. Jina la shule na alama ya kufaulu viwe vya utaratibu wa nje, hesabu ya mwanafunzi mmoja ikae ndani kabisa, isionekane na yeyote asiyeihitaji. Ukijikuta unanakili bunda na kubadilisha kadi mbili, simama. Sikuambii kwa sababu ni uvivu au ni uchafu. Nakuambia kwa sababu unajiwekea ahadi ya kukumbuka kila mahali, kila siku, hata siku ya sukari, na mimi mama yako najua kwamba hukumbuki.

Ila nisikudanganye kwamba lilikuwa suala la Algol. Algol ingemwokoa Yokana asichapwe. Isingenifanya niseme.

Furaha alikaa Kampala mwezi mmoja akitafuta kazi. Alipokata shauri kwenda Nairobi nilimpa nauli na sweta langu la bluu, nikamsindikiza. Alinikumbatia. Akaniambia mimi ndiye mtu pekee pale ofisini aliyemtendea kama binadamu. Tangu hapo ananiandikia hivyohivyo, kila mwaka, na unajua ninavyoficha barua zake ukidhani ni za siri za wanawake. Mwaka huu akaandika kwamba amekuwa msimamizi wa chumba cha kadi, na kwamba mwanangu ni mwanawe, nikulete. Nilikubali. Nilipokea mkono uleule niliouuma, nikakuweka wewe ndani yake.

Nilipokuacha na lile daftari Jumatatu, nikijua nimekudanganya tena kwa neno "sawa", nilishindwa kuendelea. Juzi Alhamisi nilikwenda Owino. Mkewe alikuwa amekwenda kutafuta misumari. Nilikaa kwenye kiti ambacho hakijamalizika nikamwambia Yokana yote. Aliendelea kupiga msasa hadi nilipofika kwenye kadi, ndipo akasimama.

"Kadi moja?"

"Moja."

Akauliza ni kubwa kiasi gani. Nilikuwa nayo kwenye mkoba, ile niliyoitoboa baadaye, nikampa. Aliishika kwa mkono wa kushoto, akainyanyua juu, akachungulia kwenye matundu. Aliitazama muda mrefu, upande huu na upande ule. Kisha akanirudishia.

"Usimwambie mke wangu," akasema. "Ameanza kulala."

Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba. Alirudi kwenye msasa wake. Nilipoinuka aliniomba nisipite tena pale, na nikamwahidi.

Amebaki Furaha. Kwanza nilitaka ubebe barua, lakini kwenye vizuizi vya barabarani wanafungua mizigo na kusoma kila kitu. Hata hii, ukimaliza, iweke kwenye makaa ya sigiri, ungoje hadi iishe. Halafu nikafikiri nikuombe umwambie kwa mdomo. Nikaona hapo nitakuwa nimemtuma mtu mwingine tena kubeba kosa langu, na safari hii ni mtoto wangu.

Kwa hiyo nimeomba ruhusa ya siku nne. Nakuja nawe. Nataka nimwambie mlangoni, kabla hujaweka begi lako ndani ya nyumba yake na kabla hujala chakula chake. Inawezekana akafunga mlango. Inawezekana ukakosa chumba na nafasi ya kujifunza siku hiyohiyo, na utakuwa na haki ya kunichukia kwa hilo. Nimeulizia hosteli ya masista, wanapokea wasichana, na anwani nimeiandika kwenye kipande kidogo ndani ya kamusi yako. Ninachoweza kukupa ni kwamba chochote utakachopata Nairobi, ukipate kutoka kwa mtu anayejua anampa nani.

Mvua imeanza huko upande wa Kibuli. Utarudi umelowa, na utasoma haya na maji yakikutiririka kwenye shingo. Sitakuwapo ndani. Nitakuwa kwa jirani na wadogo zako, nisikulazimishe kunitazama kabla hujawa tayari.

Tiketi za basi ziko chini ya sinia. Sikuomba viti vya pamoja. Wewe una kiti cha mbele, dirishani, na mimi niko safu ya nyuma kabisa. Ukitaka kuja kukaa nami njiani, njoo. Usipotaka, tutashuka kila mtu kwa mlango wake, na nitatembea nyuma yako hadi kwa Furaha. Tukifika, wewe piga hodi. Mimi ndiye nitakayeanza kusema.

Mama yako